Gauni la mama mkubwa

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kutoka Würzburg, Ujerumani, ninakosoma shahada ya pili. Nyumbani ni Mabatini, Mwanza. Mji huu na Mwanza ni miji dada tangu 1966, kwa hiyo wapo wazee wa hapa ambao ukiwatajia Bugando wanaanza kukuuliza habari za Capri Point kana kwamba waliacha ndugu huko. Siwezi kusema nilitupwa ugenini. Ila kwa siku hizi tisa nimekuwa mpweke kuliko siku niliyoshuka kwenye ndege.

Wanafunzi wa kigeni hapa tuna kikundi chetu, na mara mbili kwa mwaka tunaandaa usiku wa kujikumbusha zamani. Safari hii tulichagua miaka ya tisini. Tulikodi boti ya abiria kwenye mto Main, iende Veitshöchheim na kurudi. Kila mtu aje amevaa kama mtu wa kwao wa miaka ile, aje na wimbo mmoja wa kwao, na mlangoni alipewa kaseti badala ya tiketi. Mimi nimo kwenye kamati na wazo la kaseti lilikuwa langu. Wenzangu wengi hawakuwahi hata kuishika. Rafiki yangu wa Poland aliuliza utepe ukitoka nje inakuwaje, nikachomeka kalamu kwenye tundu nikamzungushia mpaka utepe ukarudi ndani. Mama ndiye aliyenifundisha hilo.

Ili nipate mfano wa mavazi, wiki mbili kabla nilimwomba mama anitumie picha ya ujana wake. Sikumwambia ni ya nini. Akanitumia moja ya studio, walipiga Bukoba mwaka 1995. Mama ana sare ya shule. Pembeni yake amesimama dada yake, mama mkubwa, na gauni la drafti la bluu na nyeupe, mikono imetuna begani, kola nyeupe. Akaambatanisha na ujumbe wa sauti wa dakika sita. Nilikuwa nakimbilia maabara, nikasikiliza kama mbili hivi, nikamjibu kwa moyo mwekundu.

Shangazi, mama anauza mitumba Mlango Mmoja. Na mimi nikaenda kwenye duka la nguo kuukuu la huku nikapata gauni la drafti kwa yuro 6. Kola halikuwa nalo. Nikakata ya shati langu jeupe nikaishona kwa mkono usiku kucha. Lilitoka vilevile.

Mama mkubwa alikufa na MV Bukoba, ile meli iliyozama Ziwa Victoria. Najua. Nimekua nalijua. Mei 21 ya kila mwaka mama hafungui meza, anakwenda makaburini Igoma asubuhi na kurudi kimya. Tulipokuwa tukienda Bukoba kwa basi, pale Kigongo abiria mlikuwa mnashuka kupanda kivuko kwa miguu, alikuwa akinishika kifundo cha mkono mpaka tunakanyaga Busisi, hata nilipokuwa kidato cha nne. Usiku wetu uliangukia wiki hiyo hiyo ya Mei na mimi sikuikumbuka. Nilikuwa nawaza spika na vinywaji.

Tukiwa katikati ya mto watu wakaanza kwenda mbele kabisa ya boti kuigiza ile filamu ya meli iliyogonga barafu, ile ya kutandaza mikono. Ikawa foleni. Zamu yangu ilipofika rafiki yangu wa Brazili akanishika kiuno, mwingine akarekodi. Sekunde kumi na moja. Upepo umepiga gauni, nimefumba macho, nacheka. Nikaiweka stetasi na maneno "Miaka ya tisini oyee!" Kwa saa za nyumbani mama aliiona saa tano na robo usiku.

Hajapokea simu yangu tangu siku hiyo. Siku ya tatu mdogo wangu wa kiume akaniandikia: "Mama hajaenda sokoni. Amesema nikwambie gauni lile halichezewi." Basi.

Stetasi ilishafutika yenyewe, lakini mama mdogo alikuwa ameichukua akaitupia kwenye kundi la familia, na wajomba wameshachangia, wengine kwa kunitetea, wengine hata sitaki kurudia walichosema. Marafiki zangu wa hapa wananiambia sina kosa, mama atapoa. Wameanza kupanga usiku mwingine wa mwezi wa kumi, boti ileile. Mimi sijawaeleza kitu. Mwezi wa nane nakuja likizo. Niseme nini, na nianzie wapi? Na je, sisi wa nyumba ile haturuhusiwi kufurahia miaka hiyo kama wenzetu?

Binti wa Mabatini

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama palepale. Siyo kwenye boti. Ni pale uliposema ujumbe wa sauti wa dakika sita, ukasikiliza mbili.

Ziko dakika nne hujazisikia. Kabla hujampigia tena, kabla hujamwandikia mjomba yeyote, jifungie chumbani usikilize zote sita kuanzia mwanzo. Usisikilize ukitembea, wala ukiwa kwenye basi. Sijui mama yako alisema nini mle. Ila mwanamke anayeuza nguo, akimtumia mwanawe picha ya gauni na kuzungumza dakika sita, hazungumzii hali ya hewa. Nadhani alikuwa anakueleza gauni hilo lilitoka wapi, lilishonwa na nani, liliazimwa na nani, dada yake alilivaa siku gani. Huenda alikuwa anangoja miaka mingi umuulize. Wewe ukaomba picha, yeye akasikia unamuuliza habari za dada yake.

Hapo ndipo ninapoliona kosa lako, na naliona moja tu. Hukumwambia picha ni ya nini. Ungemwambia, "Mama, tuna sherehe ya miaka ya tisini, nataka nivae kama ninyi," pengine angekuchagulia picha nyingine. Pengine angekutumia hiyohiyo na kukwambia kola ikae vipi. Angekuwa ameshiriki. Badala yake alilikuta gauni la marehemu saa tano usiku, kwenye simu, limesimama mbele ya chombo cha majini, mikono imetandazwa, likicheka.

Angalia pia hakusema nini. Hakusema "meli ile haichezewi." Alisema gauni. Wajomba kwenye kundi wanabishana kuhusu meli kwa sababu meli ni ya wote, kila mtu wa Mwanza na Kagera ana la kusema. Gauni ni la kwake.

Wewe umezaliwa baadaye, kwa hiyo nikueleze kitu ambacho huenda nyumbani hakikusemwa wazi. MV Bukoba iliondoka Bukoba jioni ya Mei 20, 1996, ikapitia Kemondo, na asubuhi ya Jumanne Mei 21 ikapinduka ikiwa imebaki kidogo tu kufika, upande wa Bwiru. Ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430. Waliokufa wanahesabiwa zaidi ya 800. Unajua kwa nini mpaka leo watu wanasema "zaidi ya" na hawakubaliani juu ya hesabu moja? Kwa sababu abiria wa daraja la kwanza na la pili waliandikwa, lakini wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Alipanda aliyepanda. Msichana wa Kihaya aliyekuja Mwanza na mkungu wake wa ndizi na mfuko wa nguo, kama alipanda daraja la tatu, hakuna karatasi hata moja iliyosema alikuwemo. Ndugu zake ndio waliokuwa karatasi.

Mimi nilikuwa kidato cha pili, hapahapa Mwanza. Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni majirani waliokuwa wakitoka asubuhi kwenda kutambua miili na kurudi jioni bila kutambua, na kesho yake wanatoka tena. Walikuwa wanatambua kwa nguo, mwanangu. Maji yakishamfanyia mtu yanayomfanyia, sura haisaidii. Unauliza: alivaa nini? Gauni gani? Rangi gani? Kina mama walikuwa wanasimama kwenye foleni wakirudia rangi za nguo kwa sauti ya chini ili wasizisahau.

Sisemi mama yako alipita kwenye foleni ile. Hukuniandikia kama mwili ulipatikana, wala kwa nini anakwenda Igoma, walikozikwa wengi ambao hawakutambuliwa. Nakuomba tu ulijue hilo kabla hujaniambia kwamba ni gauni la yuro 6.

Nije kwenye video. Mpigie mama mdogo leo, kwa simu na si kwa kuandika, umwombe aiondoe kundini. Mwambie kwa upole, hakuwa na nia mbaya, alifurahi kukuona unapendeza. Mwombe na rafiki yako wa Brazili kama aliiweka mahali. Kwenye kundi lenyewe usijitetee na usimjibu mjomba hata mmoja, hata anayekutetea, maana ukishamjibu anayekutetea umemjibu na mwenzake. Andika sentensi moja tu, kwamba unazungumza na mama na unaomba wakuachie nafasi. Usiifute kwenye simu yako. Hilo ataamua mama siku atakayotaka.

Halafu umpigie yeye. Hatapokea, labda. Mpigie siku moja, acha mbili, mpigie tena. Ukipiga kila saa atajua unatafuta nafuu yako mwenyewe. Asipopokea, mtume mdogo wako, ambaye tayari ameshakuwa mjumbe, lakini usimpe maelezo ya kubeba. Mpe swali. Swali litoke kwenye zile dakika nne. Kama mama alisema gauni lilishonwa Kashai, uliza fundi alikuwa nani. Kama alisema siku ile ya studio kulinyesha, uliza walirudije nyumbani. Mama aliyenyamaza kwa sababu mwanawe hakumsikiliza hufunguliwa na ushahidi kwamba sasa amesikilizwa. Maneno "nisamehe mama" utayasema, tena uyaseme bila "lakini" nyuma yake. Usimwambie ulikuwa na kazi nyingi, usimwambie wenzako wote walifanya, wala usimwambie hukukumbuka tarehe. Hilo la tarehe najua linakuuma zaidi kuliko yote, na ndiyo maana litakuponyoka. Ukilitamka unamwomba akufariji wewe.

Akipokea na kulia, usikate simu na usimnyamazishe. Kaa naye kwenye simu. Salio lisiwe haba siku hiyo.

Uliuliza kama nyumba yenu hairuhusiwi kufurahia miaka hiyo. Nilisikitika kulisoma swali hili, maana naona unakaribia kujihukumu kwamba kucheka kwako ndiyo dhambi. Hapana. Nani alikufundisha kurudisha utepe kwa kalamu? Huyo huyo. Basi alikuwa na kaseti, na alikuwa na wimbo aliourudisha mara nyingi hata akajua hila ya kalamu ili asimalize betri. Miaka ya tisini ya mama yako haikuwa Mei 21 peke yake. Kulikuwa na dada aliyempeleka studio akiwa na sare yake ya shule. Kwenye ziwa letu miaka ile ilikuwa mizito, nisikufiche: 1994 miili ya ndugu zetu wa Rwanda iliteremka na mto Kagera mpaka ziwani, watu wakaogopa kula samaki, ikaja 1996, yakaja magugu maji yakafunika ghuba mpaka mitumbwi ikakwama. Na bado watu waliolewa, walicheza dansi, walishona magauni ya drafti yenye mikono ya kutuna. Mama yako ana haki ya kukumbushwa hayo pia, na nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza. Sisi huku tukishajua mtu amefiwa na meli ile, tunamfanya awe wa meli ile maisha yake yote. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo kwa jirani yangu mmoja, miaka zaidi ya ishirini, kila nikikutana naye namuuliza kwa sauti ya pole.

Marafiki zako ni wema, ila wanakufariji kwa kitu wasichokijua. Waeleze. Unaishi kwenye mji ambao utaelewa kuliko unavyodhani. Umekuwepo hapo Machi 16? Usiku huo kengele za makanisa ya Würzburg zinalia, kwa sababu usiku wa Machi 16, 1945 ndege zilipiga mji kwa dakika zisizofika ishirini, watu kama 5,000 wakafa na mji mkongwe karibu wote ukaungua. Sidhani kuna mtu wa hapo anayeweza kuandaa sherehe ya "miaka ya arobaini" na kuigiza moto. Ukianzia kwenye kengele hizo, wakakuelewa, waambie kuhusu ziwa. Usiwahukumu kwa ile foleni ya mbele ya boti. Filamu ile imechezwa dunia nzima na hakuna kati yao aliyekuwa na mtu majini. Useme tu kwamba mwezi wa kumi mngependa iwe nchi kavu, na kama wengi watataka boti, wewe utaandaa muziki na hutapanda. Kamati isife kwa hilo. Wazo la kaseti ni zuri na ningependa ulirudie.

Halafu mwezi wa nane. Nilipenda sana ulivyoandika jinsi mama alivyokuwa akikushika kifundo cha mkono pale Kigongo. Sasa pale pana daraja, tangu Juni 2025, karibu kilomita tatu, basi linapita moja kwa moja mpaka Busisi bila mtu kushuka. Kama bado hajapita, mwombe mwende Bukoba pamoja. Usimwambie ni kwa ajili ya dada yake. Mwambie unataka kupaona mlipopiga ile picha, kama studio ipo au imekuwa duka la simu. Njiani mtapita juu ya maji ameketi dirishani, na akikushika mkono mwache akushike. Igoma usijialike. Akisema twende, nenda, na uvae kama yeye anavyovaa.

Gauni usilitupe. Najua umelifikiria hilo, kulitia kwenye mfuko na kulirudisha dukani kulikotoka. Wala usilivae tena kwa sasa. Lifue, likunje, liweke chini ya begi chini ya kila kitu, uje nalo. Usilitoe siku ya kwanza. Usilitoe mbele ya wageni wanaokuja kukusalimia, watakuwa wengi. Mama ni mtu wa mitumba. Siku moja atakuja kupanga nguo zako mwenyewe, kama wanavyofanya wamama wote mtoto akirudi, na atalikuta. Ataligeuza aangalie ndani, kwenye kola uliyoishona kwa mkono, kama mishono ni midogo. Wewe ukae karibu, usiseme kitu mpaka yeye aanze.

Shangazi